Historia ya Damaris Munee, Mjane Aliyeambiwa Hakulia

Mchungaji, wazee wetu wa hapa kwenye skimu ya makazi, majirani, jamaa mliotoka Mackinnon Road, na mama zetu wa Kibuyuni mlioondoka nyumbani alfajiri mkaja na sufuria zenu wenyewe, nawaamkia nyote kwa heshima. Mimi ni Mumbe, binti wa marehemu. Aliyepaswa kusimama hapa ni kaka yangu Ngui, lakini ameniomba nisome mimi kwa sababu anajua sauti yake haitafika mwisho. Mtaniwia radhi kwa kusoma nikiwa na mtoto kifuani, ana miezi mitano, na nitakapomaliza mtajua kwa nini nilitaka awe hapa.

Mama yetu Damaris Munee alizaliwa tarehe 2 Juni 1979 huko Mackinnon Road, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa marehemu Mzee Mutinda, aliyekuwa mlinzi pale stesheni ya reli, na marehemu Bi Kalondu, aliyeuza chai na mahamri kando ya barabara kuu. Waliomjua utotoni wanasema alikuwa mtulivu, mwenye kicheko cha ghafla ambacho kilimshtua yeye mwenyewe kwanza, naye alizoea kulala na ngurumo za treni hata ikawa treni ikichelewa ndipo anapoamka.

Alianza masomo mwaka wa 1986 katika shule ya msingi hapo hapo Mackinnon Road, akamaliza darasa la nane mwaka wa 1993, akapita vizuri na kuitwa sekondari, lakini mwaka huo babake aliumia mguu kazini, wadogo zake walikuwa bado wako chini, ikabidi abaki nyumbani amsaidie mamake. Hakumlaumu mtu kwa hilo. Ila hata huko Kibuyuni, kila Januari watoto wa kidato cha kwanza walipopita na sare mpya zilizowapwaya, mama aliacha alichokuwa akifanya, akawatazama mpaka wapotee njiani, kisha akarudi kazini.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa hapo kibandani kwa mamake, na madereva wa malori walimpenda kwa sababu alikumbuka nani hanywi sukari, nani anataka tangawizi nyingi, na nani ana mke mgonjwa nyumbani wa kuulizwa hali. Hapo ndipo alipokutana na baba yetu, marehemu Ndolo Ngui, mwaka wa 1997, wakati lori alilokuwa msaidizi wa dereva lilipokatika springi na kulala pale siku tatu. Bibi Kalondu alitusimulia kwamba baba alikunywa chai nyingi sana siku hizo tatu, na jioni ya mwisho alipoletewa kikombe kilichopoa alikisifu pia, ndipo mama akamwambia, "Kaka, hiyo ni maji ya kuoshea vikombe, nimekujaribu tu," naye baba akajibu kwamba yalikuwa matamu vilevile.

Walifunga ndoa kanisani tarehe 19 Desemba 1998, baba akaacha mambo ya malori, wakaja kuishi hapa Shimba Hills kwenye shamba la babu yetu, marehemu Mzee Ngui, katika nyumba ile ya mabati mnayoiona nyuma yenu. Walipanda michungwa na mahindi. Walijaliwa watoto wawili, kaka yangu aliyezaliwa tarehe 7 Oktoba 1999 akapewa jina la babu, na mimi niliyezaliwa Msambweni tarehe 28 Septemba 2003, kabla ya siku zangu kutimia, nikapewa jina la mama yake baba, Bibi Mumbe, ambaye ameketi hapa mbele. Nilikuwa mdogo kiasi kwamba baba aliogopa kunibeba, alinishika kwa leso iliyokunjwa mara nne, na mama alisema hajapata kuona mwanamume mwenye mikono mikubwa hivyo akishika kitu polepole hivyo.

Tarehe 10 Novemba mwaka huohuo baba alirudi kutoka shambani akilalamika kichwa, usiku homa ikapanda, akakimbizwa hospitali, na tarehe 13 akafariki akiwa na miaka thelathini na mmoja. Alizikwa hapa tarehe 22 Novemba 2003, siku ya Jumamosi kama leo. Mimi nilikuwa sijatimiza miezi miwili.

Sasa naomba mnivumilie, kwa sababu nafikia jambo ambalo katika familia hii lilisemwa kwa muda mrefu nyuma ya milango, na Bibi Mumbe mwenyewe ameniambia nilisome mbele ya watu wote.

Siku ya kumzika baba, mama hakulia. Kina mama wa hapa walilia, Bibi aliangukia kaburi akainuliwa, shangazi zangu walilia mpaka sauti zikakauka, na mama aliketi kwenye mkeka macho makavu, mtoto titini, akitazama mchanga unavyotiwa. Watu waliona. Baba yangu mdogo, Kitonga, alisema pale pale, "Hata mbuzi hulilia mwenzake, huyu vipi?" Na Bibi alisema neno lililoishi kuliko msiba wenyewe, kwamba mke mwenye macho makavu hivyo anajua kilichomla mumewe.

Wasilolijua ni kwamba mama alifundishwa na mamake, naye alifundishwa na wake, kuwa mwanamke anayenyonyesha halii mtoto akiwa titini, kwa sababu uchungu wake huingia kwenye maziwa na mtoto huunywa, na kwamba hata kulitaja jambo hilo kwa mdomo kabla mtoto hajaachishwa ni kumwitia mtoto mabaya; mimi nalitaja leo kwa ruhusa ya mama mwenyewe. Anayetaka kulia humpa mtu mtoto kwanza, halafu analia apendavyo. Huko kwa akina Kalondu ilikuwa desturi ya msiba, kabla jeneza halijashushwa shangazi au wifi huja kwa mama mwenye mtoto, hunyoosha mikono, wala haombwi, na hakuna linalosemwa. Kwao Bibi, hapa kwa akina Ngui, mwanamke hulia na mtoto wake mgongoni na hakuna anayedhani vibaya, kwa hiyo hakuna aliyenyoosha mikono. Mama aliketi akingoja nichukuliwe. Alitazama kila mwanamke aliyepita karibu, nao waliyaona macho hayo wakadhani ni kiburi. Jirani yetu Jumwa, ambaye alikuwa jikoni akipika ugali wa watu, ameniambia wiki hii kwamba angalikuwa pale angenibeba bila hata kujua kwa nini, naye amelia sana kwa kosa ambalo si lake.

Kutoka siku hiyo mama hakuwa na amani katika boma hili. Alisalimia hakuitikiwa, alichota maji yakamwagwa, na mimi niliyebeba jina la Bibi sikuitwa kwa jina, niliitwa "kile kitoto". Mwezi wa Agosti 2004 baba mdogo alikuja na nyundo akang'oa mlango wa nyumba yao, akasema mlango ule ni mbao za kakake, akaupeleka kuufanya mlango wa zizi la mbuzi. Mama alitundika leso mahali pa mlango, akalala hivyo mwezi mzima, na nataka kutaja kwamba katika mwezi huo mtu fulani alikuwa akiweka jiwe zito juu ya ncha ya leso upande wa nje kila upepo ulipokuwa mkali, mama hakumjua ni nani mpaka anakufa, na kama mtu huyo yupo hapa, mama alitaka aambiwe asante.

Septemba mwaka huo aliondoka. Alitaka kuondoka na sisi wote wawili, ila kaka yangu alizuiwa, akaambiwa mtoto wa kiume ana kwao, na kwa kuwa mama hakuwa hata na mahali pa kulala siku hiyo, alimwacha akiwa hajatimiza miaka mitano, amevaa shati la baba lililokatwa mikono.

Alifika Msambweni akiwa na mimi nimeshikwa na kifua, tukalazwa, na kwenye kitanda cha pili alikuwapo mwanamke wa Kibuyuni aitwaye Esha na mwanawe Swabir. Bi Esha ndiye yule pale mwenye buibui, aliyeshika fimbo kwa sababu ya goti. Alimwona mama siku nzima haletewi chakula na mtu, akagawa wake kati bila kuuliza, na siku ya pili akasema, "Dada, wewe huna watu au watu wako hawana wewe?" Mama akacheka kile kicheko chake cha ghafla, na hapo undugu ukaanza. Tuliporuhusiwa, Bi Esha alimwambia twende kwake tupumzike wiki moja, na wiki hiyo imekwisha mwezi huu.

Alipojua kwamba mama ni mjane wa karibuni, Bi Esha alishangaa. Alimwambia, "Kwetu sisi mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, hatoki, hafanyi kazi, watu wanamhudumia. Wewe nani alikukalisha?" Mama akasema hakuna. Basi akina mama wa Kibuyuni walimpa chumba na mkeka, wakasema hata kama muda umepita na hata kama yeye ni mtu wa kanisa, mwili wake haujui hayo, akae. Walimletea wali na samaki, walinibeba kwa zamu, na jioni walikuja kuketi naye kimya. Mimi nilikuwa nimeanza kuachishwa. Mama alisema aliingia chumbani mle akijua kwamba sasa anaruhusiwa, akajiinamia akingoja kilio kije, na hakikuja. Alikaa siku zote hizo na hakikuja. Alikuwa amekizuia muda mrefu hata kikamwacha.

Hicho ndicho alichojutia kuliko mlango, kuliko shamba, kuliko maneno. Alisema alimnyima baba yetu haki yake.

Kuanzia hapo alifanya vibarua, alifua nguo za wafanyakazi wa mahoteli Diani, alikaanga samaki, na kilimo cha mwani kilipoingia Kibuyuni, mwaka wa 2011 alijiunga na kikundi cha kina mama. Yeye ni mtu wa nchi kavu, aliogopa bahari hata ilipokuwa imekupwa na maji yako vifundoni, na Bi Esha alimtania mbele ya wenzake, "Njooni muone mtu wa reli, anatafuta daraja!" Alijifunza kufunga mbegu kwenye kamba, kukaza vigingi, kurudi bamvua lifuatalo, maji yanapokupwa sana, kutazama kama samaki hawajala, na kuanika juu ya vichanja, mpaka akawa yeye ndiye anayefundisha wasichana wapya kufunga fundo lisiloukata mwani shingo. Mwani ndio ulionisomesha mimi hadi darasa la nane. Nilitaka kuendelea, haikuwezekana, na sina kinyongo, kwa sababu najua nani alikuwa akisimama majini kwa ajili yangu tangu saa za kupwa mpaka ngozi ya miguu inakunjamana.

Wakirudi kutoka majini nyuso zimelowa, Bi Esha alikuwa na desturi ya kumuuliza, "Munee, hayo ni maji ya bahari au ni yako?" Mama angejibu, "Ya bahari." Na Bi Esha angesema, "Haya, nitaendelea kuuliza." Waliulizana hivyo miaka yote.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi mama alitoka Kibuyuni kuja kusali katika kanisa la hapa, mwendo wa nusu siku, si kwa sababu hakukuwa na kanisa karibu, ni kwa sababu kaka yangu aliketi hapo na Bibi. Mama aliketi benchi la nyuma kabisa karibu na mlango. Alimjua mwanawe kwa kisogo, alijua amekua kwa kuona kola imepanda, alijua amenyolewa na nani. Baada ya ibada hakusogea, alingoja wapite, na Ngui akipita alimshika mkono kidogo. Mara moja baba mdogo alimwambia Bibi amzuie mtoto, Bibi akajibu kwamba kanisani mtu husalimiana. Na mama alikuwa akituambia jambo hili kila mara, kwamba Bibi angeweza kumketisha Ngui katikati ya benchi, kati ya watu wazima ambako asingeonekana, lakini miaka yote alimketisha ukingoni, upande wa njia, mahali ambapo mtu wa nyuma anamwona mzima mzima. Alisema hiyo ilikuwa hisani, nasi tusiisahau.

Kuugua kwake kulianza mwaka wa 2022, mwezi wa Desemba, alipohisi uvimbe katika ziwa la kulia. Hakumwambia mtu. Kwa fikira zake yalikuwa maziwa ya mwaka ule, yale ya msiba, yaliyoganda pamoja na kilio asichokitoa, naye aliona haya kumpelekea daktari jambo la namna hiyo, akawa anaukanda kwa kitambaa cha maji ya moto asubuhi kabla sijaamka. Aliukanda hivyo mwaka na zaidi. Mwezi wa Agosti 2024 maumivu yalipomzidi ndipo nilipoona, nikampeleka Msambweni, tukatumwa Mombasa, na mwezi wa Oktoba alifanyiwa upasuaji. Daktari alinieleza kwa upole, akarudia mara mbili ili nielewe, kwamba ni saratani, kwamba maziwa wala machozi hayakuhusika kamwe, na kwamba kama angekuja mapema pengine tungezungumza mengine. Nawaomba mama zangu na dada zangu mliopo, mkihisi kitu msikikande, nendeni muonwe. Najua angetaka niliseme hili hata kuliko sifa zake.

Alipata nafuu kidogo, akaona mjukuu. Nilijifungua tarehe 11 Machi 2025, na ingawa jina lilikuwa haki ya upande wa mume wangu Karisa, mama mkwe wangu mwenyewe alisema, "Jina la mgonjwa litangulie, langu litangoja wa pili." Basi mtoto huyu niliyembeba anaitwa Munee. Sikujua mkwe anaweza kuwa hivyo, na namshukuru mbele yenu.

Mwezi wa Juni ugonjwa uliingia mifupani, madaktari wakasema tumkalishe nyumbani kwa raha. Hakuomba chochote ila kimoja, alazwe kando ya baba. Bi Esha alimwambia Kibuyuni kuna mahali pazuri, wazee wamekubali, mama akajibu, "Esha, najua. Lakini huyu mtu nilimwacha kaburini bila neno."

Siku ya Jumapili tarehe 6 Julai, Ngui alimleta Bibi Mumbe Kibuyuni. Hakuwa amewahi kufika huko. Aliingia na fimbo yake, akaketi kwenye kiti alichopewa, akamsalimia mama kwa mbali, mama akamjibu "shikamoo mama" kama aliyemwona jana. Wakati huo mtoto alianza kulia nikamweka titini, na maumivu ya mama yakaja kwa nguvu, nikashindwa, machozi yakaanza kunitoka. Mama aliniambia kwa ukali, na sauti yake ilikuwa ndogo sana, "Usinililie na mtoto titini. Mpe Esha kwanza."

Bibi aliuliza, "Kwa nini?"

Mama akamweleza. Mimi niliachishwa zamani, hakukuwa tena na la kuogopa kulisema, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu wa boma hili kumuuliza.

Bibi alinielekezea fimbo yake, akauliza, "Siku ile ya Ndolo, huyu alikuwa titini?"

"Alikuwa titini, mama. Nilikuwa nangoja mtu ampokee."

"Mbona hukusema, Munee?"

"Mbona hukuuliza, mama?"

Haikusemwa kwa ubishi. Bibi alijifunika uso kwa leso akalia, na mama alimtazama kama mtu anayetazama wengine wakinywa maji. Bi Esha aliyekuwa mlangoni alimuuliza taratibu, "Munee, na wewe?" Mama akatikisa kichwa, akasema, "Yamekauka, dada." Ndipo Bibi alipoinuka, akaja nilipokuwa nimeketi, akanyoosha mikono, akambeba mtoto wangu. Akaniita Mumbe. Ilikuwa mara ya kwanza nasikia jina langu kutoka kinywani mwa mwenye jina.

Mama alimwomba kaburi. Bibi akasema, "Pale pana mihogo ya Kitonga." Mama akasema, "Mihogo hung'olewa, mama." Bibi akasema atazungumza naye. Akaondoka, na wiki zikapita, hapakuja jibu, kwa kuwa baba mdogo alikataa, na Bibi ni mtu mzima anayelishwa na mwanawe huyo. Kila simu ilipolia mama alifungua macho. Tarehe 6 Agosti 2025, siku ya Jumatano, alfajiri, alifariki Msambweni hospitalini mkono wake ukiwa katika mkono wa Bi Esha, umri wake miaka arobaini na sita, naye hakuwa amejibiwa. Hilo haliwezi kurekebishwa na mtu yeyote hapa, na hata mimi sijui niliweke wapi moyoni.

Ngui ndiye aliyeleta habari huku Alhamisi. Anasema Bibi aliingia ghalani akatoka na jembe, akaenda pale kando ya baba, akaanza kung'oa. Baba mdogo alikuja mbio, "Mama! Mihogo hiyo haijakomaa!" Bibi akamwambia, "Na mimi nimekomaa kupita kiasi. Shika jembe, au nisogezee maji ya kunywa, chagua." Akaendelea. Akamwambia, "Mtu amekaa zaidi ya miaka ishirini akiningoja nimpokee mtoto, wewe unaniambia mihogo." Baba mdogo alisimama, halafu akachukua jembe. Mihogo mliyokula asubuhi na chai, ndugu zangu, ndiyo hiyo iliyokuwa mahali pake.

Na jana jioni jeneza la mama lilipofika, tulikuta ua umefagiliwa na mlango wa nyumba yao umerudishwa mahali pake, umesuguliwa, bawaba ni mpya, ingawa chini bado una alama za meno ya mbuzi. Baba mdogo hajaniambia neno, nami sijamuuliza. Nimeziona bawaba. Mama amelala usiku wake wa mwisho nyumbani kwake, na mlango umefungwa.

Marehemu ameacha watoto wawili, Ngui na Mumbe, mjukuu mmoja, mama mkwe, na ndugu wawili.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Msambweni na Mombasa, hasa muuguzi mmoja wa zamu ya asubuhi aliyekuwa akimchana mama nywele bila kuombwa. Nawashukuru kina mama wa kikundi cha mwani ambao tangu mwaka jana waliendelea kuzitunza kamba zake na kuvuna kwa jina lake. Namshukuru Jumwa, aliyemlea kaka yangu kwa siri na uji wa jioni. Bi Esha, asante, wewe ulikuwa ukiuliza. Mchungaji, asante kwa benchi la nyuma, hukuwahi kumsogeza. Bibi, na baba mdogo, asanteni kwa mahali hapa.

Mama, umefika kando ya baba, pumzika sasa kwa amani yako yote, hakuna atakayekuondoa.

Nimesoma haya yote macho makavu, na mnajua kwa nini. Jana Bibi aliniambia nikifika mwisho atasimama, na sasa namwona ameshika fimbo yake. Nikiwa na mikono mitupu nitalia kilio changu, na kile cha mama kilichobaki.

Bibi, mpokee mtoto.